Ngoma Ile Haikuwa ya Shetani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza. Jina langu Mize, na huku kwetu karibu na Mtambile wananijua kwa Bi Mize wa dumbaki. Nasema haya kwa sababu nimechoka kusikia habari zangu zikisimuliwa na watu ambao hawakuwamo. Wanasema niliugua kwa shetani, na nikapona shetani alipopewa ngoma. Uongo. Niliugua kiharusi, na kilichonisimamisha, baada ya Mungu, ni vidonge, mazoezi, mwanangu Rukia, na mchezo wa kompyuta ambao vijana wa mjini huucheza kwa furaha zao. Anayeandika ni Rukia, maana mkono wangu wa kulia haujarudi, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyalainisha.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Rukia, mwanangu wa pekee, alikuwa Mkoani akifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Msimu wa karafuu ukifika nilichambua karafuu za kaka yangu Makame. Harusi zikifika nilipiga dumbaki, ile ngoma ndogo ya kuweka pajani, na kikundi chetu cha kina mama. Sijisifu bure. Harusi niliyoikosa watu walirudi makwao mapema.

Presha niliambiwa ninayo. Muuguzi wa kituo cha afya alinipima mara mbili, akanipa kadi na vidonge, akaniambia nivimeze kila siku mpaka aniambie basi. Nilivimeza mwezi mmoja. Kichwa hakiniumi, tumbo haliniumi, nakula samaki wangu wa chumvi na nalala. Nikasema dawa ni ya mgonjwa, na mie si mgonjwa. Kadi nikaisukuma chini ya godoro na vidonge nikamgaia jirani aliyekuwa akiumwa kichwa. Hayo ni makosa yangu mimi, simbebeshi mtu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, msimu umepamba moto. Tulikuwa kina mama wanne ukumbini kwa kaka Makame tukichambua karafuu. Unashika kishada, unakizungusha kiganjani, karafuu zinabaki huku na makonyo, vile vijiti vyake, yanaangukia kule. Kazi hiyo naifanya hata nikiwa nasinzia. Ghafla mkono wangu wa kulia ukaacha kuzungusha. Nikautazama. Mkono upo, vidole vipo, lakini haunisikii.

Nilicheka kwanza. Bi Chumu, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, tuliyekaa bega kwa bega, akaniuliza kama nimelala. Nikataka kumjibu kwa mzaha, na kilichotoka ni "bwa, bwa, bwa" pamoja na mate yaliyonichuruzika hadi kidevuni. Nikaona uso wake umebadilika. Kisha nikaanguka ubavu juu ya rundo la karafuu, na nikahisi maji ya moto yananitoka mapajani. Nimejikojolea mbele ya watu, na sina hata ulimi wa kuomba radhi.

Sikuumwa popote. Hilo ndilo lililotuponza. Kiharusi kingekuwa na maumivu ya jino, ningekimbizwa hospitali ile ile saa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umepinda kushoto, na kwetu mdomo uliopinda una tafsiri yake: mtu kapigwa kofi na shetani.

Kaka Makame ananipenda, na nalisema hilo kabla ya jingine lolote. Alinibeba mwenyewe kwa mikono yake hadi kwangu akanilaza kitandani. Halafu akamleta mganga. Mganga akafukiza buhuri mpaka macho yakaniwaka, akaninywesha dawa ya majani iliyonipalia kwa kuwa koo halikumeza, nikakohoa nusura roho initoke. Akasema shetani amenifuata kutoka maharusini, ameipenda dumbaki yangu, na hataniacha mpaka apewe ngoma ya siku saba. Mimi nasikia yote. Masikio yalikuwa mazima na akili ilikuwa nzima, ila mlango wa kutokea maneno ulikuwa umefungwa.

Nikalazwa pale siku mbili. Siku mbili nzima, tonge ya uji inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Rukia hakuambiwa, eti asishtuke. Alipopata habari kwa mtu baki alifika akiwa bado amevaa kitambulisho cha dukani. Akaniangalia, akapitisha mkono chini ya godoro langu, akaitoa kadi. Sijui alijuaje. Mtoto anamjua mamake.

"Mama ana presha," akasema. "Anakwenda hospitali sasa hivi."

Kaka Makame akasimama mlangoni. Akamwambia kwa upole, mwanangu, hospitali watampiga sindano, na mtu mwenye shetani akipigwa sindano hafiki jioni. Msimcheke. Wengi wetu tumekuzwa na neno hilo, na mie mwenyewe, laiti ningekuwa na ulimi siku ile, sijui ningesema upande gani.

Rukia hakubishana. Akasema, "Basi akifa dhambi ni yangu. Shika miguu, mjomba."

Na Makame akashika miguu.

Hospitali walinipiga sindano, na jioni ikanikuta. Daktari alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Alinipima presha akaitazama mashine mara mbili. Akauliza nimekaa nyumbani muda gani. Rukia akamwambia siku mbili. Daktari akasema, "Hiki ni kiharusi. Mngemleta ndani ya saa za mwanzo, pengine tungeokoa zaidi. Sasa tutashika kilichobaki."

Nilichobaki nacho kilikuwa kidogo. Upande wote wa kulia haukuwa wangu. Nilivalishwa nepi mimi niliyemvalisha Rukia. Choo kikubwa kilikataa siku sita, na muuguzi akanisaidia kwa njia ambayo sitaieleza hapa ila namwombea dua mpaka leo. Bega la kulia liliteguka kwa kuvutwa kila nilipogeuzwa, likauma usiku na mchana. Ulimi ulirudi pole pole, neno moja moja. Neno la kwanza lililotoka sawasawa lilikuwa "hapana". Rukia anasema hakushangaa.

Nilisali kitandani kwa ishara ya macho, nimetayamamu kwa kusaidiwa. Katika sujudi zile za kope nilikuwa naomba kitu kimoja tu: nitembee mwenyewe. Mkono Mungu akitaka anaweza kuubakisha. Nataka miguu. Nataka kwenda chooni bila ya kubebwa, na kutoka mlangoni bila ya kuomba mtu.

Baada ya wiki tatu nikarudishwa nyumbani kwangu. Rukia akaomba dukani awe anarudi kila siku baada ya alasiri, na dada mmoja wa mazoezi wa hospitali, anaitwa Salma, akamwonyesha la kufanya. Tatizo kubwa lilikuwa kisigino na vidole. Mguu ulikuwa unainuka kidogo kutoka nyongani, lakini unyayo unaning'inia na vidole vinakokota chini. Salma akasema niinue vidole mara mia kwa siku, nipeleke mguu mbele, nyuma, kando, tena na tena, maana ubongo lazima ufundishwe upya kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu.

Siku nne niliyafanya. Ya tano nikakataa. Jaribuni kukaa juu ya kiti mkatazame kidole gumba cha mguu wenu mkikiomba kiinuke, nacho kimelala. Mara mia. Nilichoka, nikanuna, nikageukia ukutani.

Kaka Makame alikuja na matunda na maneno yake. Akasema yote haya ni kupoteza muda, shetani bado anadai haki yake, tufanye zile siku saba yaishe. Bila ya ngoma hutasimama, Mize. Akaondoka, na mimi nikabaki na hasira. Hasira ile ilikuwa dawa. Alipokuja mara ya pili nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, na yalitoka moja moja lakini yalitoka:

"Kaka. Nitasimama. Bila ya ngoma yako. Na utaniona."

Rukia alisikia. Kesho yake alirudi na kompyuta kuukuu ya dukani iliyokuwa imetupwa stoo, imefungwa kwa kanga juu ya pikipiki. Akaniwekea mchezo. Mchezo wenyewe aliuona mara ya kwanza Dar es Salaam, katika ukumbi wa michezo: kuna mashine kubwa yenye taa, unaipanda kwa miguu, muziki unapiga, na mishale inapanda kwenye kioo. Mshale wa kulia ukifika juu unakanyaga kulia, wa mbele unakanyaga mbele, na ukikanyaga kwa wakati mashine inakusifu. Watu wa kompyuta wameuiga mchezo huo, unaupata bure nyumbani bila ya mashine. Rukia alikuwa akiucheza kwa vidole saa za mapumziko.

Nikamwuliza kama ananiona mie mtoto. Akasema, "Mama, wewe kidole gumba hakikusikii ukikiomba. Hebu tukipigie ngoma tuone."

Nilimtukana kidogo. Kisha nikasema, haya, weka.

Mwanzo aliweka kibodi chini sakafuni nikanyage kwa kisigino nikiwa nimekaa kitini. Niliivunja siku ya pili. Tukahitaji kitu cha kukanyagia. Rukia akakifungua kibodi kilichovunjika akatoa kile kibao cha ndani chenye nyaya. Akachukua karatasi zile za kung'aa za kufungia chakula, akakata sponji la godoro bovu akalitoboa matundu, akaweka karatasi juu na chini ili ukikanyaga zigusane, na vyote akavitia katikati ya mikeka miwili ya ukili na kuishona kingo. Juu akachora mishale minne kwa rangi ya kucha. Salma alipokuja kukagua aliujaribu mwenyewe mara tatu, akasema sawa, ila kwanza nikae, na nikisimama niwe na kiti imara mbele yangu na mtu nyuma yangu.

Nyimbo zilizomo zilikuwa za Kizungu na za Kijapani, mbio tupu. Mishale inapanda mimi bado natafuta mguu ulipo. Kila nikikosa kioo kinaandika neno moja jekundu. Rukia akaniambia maana yake "umekosa". Siku ya kwanza niliandikiwa umekosa kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na nikaambiwa mchezo umekwisha. Nikakiambia kioo, haujakwisha, weka tena. Tukaweka tena. Kwa mara ya kwanza tangu niugue nilisahau kuwa mimi mgonjwa, nilikuwa na adui.

Wiki ya pili vidole vya mguu viliinuka. Kidogo, unene wa karafuu. Niliona mimi, akaona Rukia. Tulilia.

Halafu nikaharibu. Kwetu mkeka hauachwi wazi. Ukishaondoka juu yake unaukunja, unausimamisha pembeni, ndivyo nilivyofunzwa na mama yangu na ndivyo nilivyomfunza Rukia. Siku hiyo Bi Chumu alikuja kunitazama, Rukia yuko kazini. Nikaona aibu, chumba kina mgeni na mkeka umetandazwa ovyo. Nikamwomba aukunje. Akaukunja vizuri, kwa nguvu, akaufunga na kamba, na tukasikia ndani vitu vikikatika. Nyaya zote ziliachana. Rukia aliporudi alikaa chini akautazama, hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Ilichukua siku kumi kuutengeneza upya. Safari hii aliugongomelea juu ya ubao wa mlango wetu wa zamani, mlango wa jikoni, ili mtu yeyote mwenye adabu za mikeka asiweze kuukunja.

Siku kumi zile mguu ulilala tena. Mazoezi nayo ndivyo yalivyo, ukiyaacha nayo yanakuacha.

Nikamwambia Rukia nyimbo hizi si zangu. Mguu unasikiliza sikio, na sikio langu linajua dumbaki. Akasema inawezekana, mchezo unakubali mtu aweke wimbo wake na apange mishale yake. Akawaita kina mama wa kikundi. Walikuja Ijumaa mchana watano, na ngoma zao, wakapiga chumbani kwangu vipigo vya harusi, pole pole kwanza, halafu kasi kidogo, halafu kasi yenyewe, na Rukia akarekodi kwa simu. Akakaa akipanga mishale, kila pigo na mshale wake. Mimi nilikuwa nikimsahihisha. Hapo umechelewa. Hapo dumbaki inaita, huwezi kuweka mguu wa kushoto. Nilikuwa mwalimu tena.

Basi kila siku baada ya alasiri ngoma ilikuwa inasikika nyumbani kwangu. Nikiwa kitini mwezi mmoja. Nikisimama na kiti mbele, miezi miwili. Nilianguka mara nne, mara moja nikapasua mdomo. Goti lilivimba, nyonga iliwaka moto, na unyayo wa kulia ulitoka sugu. Presha nilipimwa kila wiki, vidonge nilimeza kila asubuhi Rukia akinitazama koo. Mwezi wa tano nilikwenda chooni peke yangu na bakora. Nilikaa kule muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu.

Lakini ukuta wa nyumba hauzuii ngoma. Majirani walisikia dumbaki kila alasiri, kisha wakaniona nimesimama uani. Wakajumlisha wenyewe. Shetani amepewa ngoma yake, Bi Mize kasimama. Mganga naye alikuwa hajaukanyaga mlango wangu tangu nipelekwe hospitali, akaanza kuwaambia watu maskanini: si niliwaambia? Hata kaka Makame alikuja akatabasamu, akasema amefurahi kwamba mwishowe nimekubali. Nilimweleza habari za mchezo, za mishale, za Salma, za vidonge. Akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema, ngoma ni ngoma, Mize, hata ikipigwa na kompyuta.

Nilichukia. Nilikuwa nimetoka jasho, nimemwaga damu, nimeng'ang'ania kidole kimoja wiki mbili, halafu sifa anabeba mtu aliyenipalia kwa majani. Rukia akaniambia, waachie mama, wewe unatembea, wao waseme. Nikawaachia. Na hilo, ndugu zangu, ndilo kosa langu la pili, kubwa kuliko lile la vidonge.

Kwa sababu asubuhi moja, Rukia yuko Mkoani kazini, kaka Makame alikuja mbio hadi mlangoni kwangu. Mzee Hamad, mume wa Bi Chumu, amedondosha kikombe cha chai, mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Nikauliza tangu saa ngapi. Akasema sasa hivi tu, hata chai iliyomwagika haijakauka. Nikasema alhamdulillahi, wamempeleka?

Akasema, "Mganga yuko njiani. Bi Chumu anakuomba kompyuta. Ile ile yenye ngoma iliyokusimamisha."

Hadithi niliyoiacha ijiendee ilikuwa imeingia katika nyumba ya watu na kumlaza mtu kitandani. Nikamwambia Makame kompyuta haitoki, mpelekeni hospitali. Akanitazama kwa masikitiko, eti mtu aliyeponywa anamnyima mwenzake. Akasema basi watatafuta ngoma pengine, akageuka akashuka.

Nilimpigia simu Rukia atafute gari huko huko Mkoani alilete kwa Bi Chumu upesi. Akasema linakuja. Lakini gari nililijua halitafaa kitu likimkuta mgonjwa amefungiwa ndani na buhuri na mlango umeshikwa na watu wenye nia njema. Lazima afike mtu wa kuufungua. Na mtu aliyekuwapo ni mimi.

Kwa Bi Chumu ni ng'ambo ya bonde. Unashuka kwenye mikarafuu, mizizi imetokeza juu, usiku wake mvua ilikuwa imenyesha na udongo ni utelezi. Tangu niugue nilikuwa sijavuka ua wangu kwa miguu yangu. Nikavaa buibui, nikashika bakora kwa mkono wa kushoto, nikatoka.

Nilikwenda kwa kipigo cha harusi. Sikuwa na kioo wala mishale, lakini mwili ulikuwa unaijua: inua vidole, peleka, kanyaga, kushoto, vuta, inua vidole. Nikaimba dumbaki kwa mdomo, du-taka-du, pole pole, ile ya kwanza. Kwenye mzizi nikapeleka mguu kando. Katikati ya mteremko bakora iliteleza nikaanguka makalio, nikaburuzika hadi kwenye shina. Buibui likajaa tope, kiwiko kikachunika. Hakuna mtu wa kunishika nyuma wala kiti mbele. Nikageuka magoti, nikalikumbatia shina la mkarafuu kwa mkono mmoja, nikasimama. Nilisema kwa sauti, peke yangu pale bondeni, mchezo haujakwisha.

Nilipofika ukumbini kwa Bi Chumu watu walikuwa wamejaa. Mganga ameshafika, chetezo kinafuka moshi. Mzee Hamad kalazwa chali, macho wazi, mate yanamtoka, na nikayajua macho yale. Anasikia yote. Watu wakaniona mlangoni na tope langu, wakanipisha. Bi Chumu akasema Bi Mize kaja, sasa tutapona.

Nikasema, "Mgeuzeni ubavu, atapaliwa. Zimeni moshi. Gari linakuja, anakwenda hospitali."

Mganga akaniambia kwa adabu kwamba mimi mwenyewe ni ushahidi wa kazi yake. Hapo ndipo niliponyanyua mkono wangu wa kulia kwa kutumia wa kushoto, maana peke yake haunyanyuki, nikawaonyesha. Vidole vimejikunja ndani ya kiganja, kucha zimeacha alama kwenye nyama.

"Ushahidi ni huu," nikasema. "Nililazwa kama huyu siku mbili, nasikia, siwezi kusema. Huu mkono ulikufa katika siku mbili hizo. Miguu nimeirudisha kwa vidonge na kwa mazoezi, nimeanguka mara nne, na leo ya tano. Hakuna shetani aliyenifundisha kutembea. Majini yapo, Mungu kayataja. Na presha nayo ipo. Huyu mzee yumo katika saa zake za mwanzo, msizitumie kwa kunisingizia mie."

Bi Chumu alikuwa akiutazama mkono wangu. Alikuwa ameuona kila siku, lakini nadhani siku ile aliuona. Honi ya gari ikalia barabarani. Akamwambia kaka yangu, "Makame, shika miguu."

Na Makame akashika miguu.

Mzee Hamad alifika hospitali asubuhi ile ile. Alikaa siku tisa. Ulimi wake mzito bado na mguu unakokota kidogo, lakini mkono wake unashika kikombe. Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji, hilo halina mjadala. Wakati ndio aliotuachia sisi.

Namshukuru Mola wangu kwanza. Namshukuru daktari, namshukuru Salma, nawashukuru kina mama wa dumbaki waliokuja na ngoma zao bila ya kuuliza maswali. Rukia simshukuru hapa kwa sababu ndiye anayeandika na ataona haya. Nanyi mnaonisikia, mtu akipinda mdomo, mkono ukikataa, ulimi ukiwa mzito, msimngojee aseme anaumwa, hataumwa. Mbebeni. Vidonge vya presha ni vya mtu mzima wa afya anayetaka kubaki hivyo. Na mliokwisha kupigwa na kiharusi mkalazwa, tafuteni kitu cha kuwatia hasira ya kuinuka. Mimi walinicheka, mama mzima anacheza mchezo wa watoto. Wacheke. Nimewaona wenye haya zao wamelala mpaka mgongo ukafanya vidonda.

Kaka Makame hakuwahi kuniomba radhi, na sikumdai. Juma lililofuata alikuja kwangu baada ya alasiri, akakaa akitazama mishale ikipanda na mimi nikikanyaga. Wimbo ulipokwisha akatia mkono mfuko wa kanzu akatoa vidonge na kadi ya kituo cha afya, imekunjwa mara nne. Presha yake waliipima mwaka uliopita. Ilikuwa juu kuliko yangu. Alikuwa ameificha, vidonge hajagusa hata kimoja.

Akaniuliza vinamezwaje, kabla ya kula au baada ya kula.

Nilimletea maji mwenyewe kutoka jikoni, kikombe mkono wa kushoto, bila ya bakora. Nikasimama mbele yake nikamtazama koo mpaka kidonge kikashuka.